Tufe la Chuma: Je, Kweli ni Risasi ya Mzinga?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Tuseme uko Biashara Street katika kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe. Unaujua mtaa ule unavyokuwa usiku huo: kina mama wanachagua leso na kubishania jina, vijana wanatafuta kanzu na kofia za Idi, na hapo Marikiti jirani watu ni wengi hata pa kukanyaga hapana. Mbele ya duka moja unaona mlango umezuiliwa usifunge na tufe la chuma. Ni zito, limeshika kutu, ukubwa wake kama balungi. Unauliza ni kitu gani. Mwenye duka anakwambia, "Hiyo ni risasi ya mzinga wa Wareno, mwanangu. Babu yetu aliikuta hapa hapa."

Sasa, utaamini? Wengi wetu tutaamini palepale, tena kabla ya daku habari imefika maskani zote. Wengine tutacheka na kusema ni chuma tu. Wote wawili, aliyeamini na aliyecheka, hawajafanya kazi yoyote. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kwamba ikitujia habari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Makala haya ni ya uchunguzi huo. Utaona insha'Allah kwamba tufe moja la chuma laweza kukufundisha historia ya mji wako, na kwamba ukilichukulia mchezo laweza pia kukuua.

MJI WA MIZINGA

Kwanza tusimlaumu mwenye duka. Alilolisema linawezekana kabisa. Kisiwa chetu kiliitwa Mvita, na kuna wanaosema jina hilo limetokana na vita. Ukihesabu waliofyatua mizinga hapa, vidole vya mikono miwili havitoshi.

Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida na manowari zake, akaupiga mji, akauteka nyara na kuuchoma moto. Maandishi ya Wareno wenyewe yanasema kwamba siku hiyo watu wa Mombasa nao walifyatua mizinga, waliyokuwa wameiopoa kutoka jahazi la Kireno lililoharibika. Kwa hivyo tangu siku ile ya mwanzo, mizinga ya Kireno ilikuwa mikononi mwa pande zote mbili. Lishike hilo, tutalirudia.

Mwaka 1589 Mturuki Amir Ali Bey alikuwa hapa Mombasa na askari wake, na kundi la manowari za Wareno likaja kutoka Goa kumng'oa. Baada ya hapo Wareno wakaona hawatalala usingizi bila ngome, wakaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliani, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza jina la Dom Jerónimo, aliiteka ngome hiyo kutoka mikononi mwao. Mwaka uliofuata wakaja na manowari kuikomboa kwa vita, wakashindwa. Waliipata tu baada ya yeye kuondoka.

Kisha likaja zingiro kubwa. Jeshi la Imam Saif bin Sultan wa Oman lilianza kuizingira ngome mwezi Machi 1696, na ngome ikaanguka Disemba 1698. Ni miezi 33. Ukipiga hesabu kwa kalenda yetu, zingiro lilianza mwezi wa Shaabani 1107 Hijria na kumalizika Jumadal Akhira 1110. Manake ni kwamba Ramadhani tatu nzima zilipita huku mizinga ikilia juu ya mji huu.

Wala haikuishia hapo. Wareno walirudi 1728 wakatolewa 1729. Kisha ikawa Mazrui, hata Sayyid Said akaupata mji mwaka 1837. Na mwezi Januari 1875 manowari mbili za Waingereza, Rifleman na Nassau, ziliipiga ngome kwa ajili ya akida Muhammad bin Abdallah aliyeasi serikali ya Sultani wa Zanzibar.

Kwa hivyo chuma kilichofyatuliwa kisiwani humu katika miaka hiyo karibu 400 ni kingi. Lakini "yawezekana" si "ndiyo".

ISNADI NA MATNI

Ndugu zangu tuliopita madrasa tunakumbuka namna wanavyuoni wa hadithi walivyofanya kazi. Hawakuuliza swali moja, waliuliza mawili. La kwanza: nani kakwambia, naye kaambiwa na nani? Hiyo ni isnadi. La pili: maneno yenyewe yanasemaje, yanalingana na yanayojulikana? Hiyo ni matni. Simfananishi Mtume (S.A.W.) na kipande cha chuma, hasha! Nachukua mfano wa njia tu, manake njia ile ni hazina yetu na twaweza kuitumia popote.

Tufe la chuma nalo lina isnadi. Lilipatikana wapi, chini kiasi gani, na nani, pamoja na vitu gani? Na lina matni, yaani lenyewe: uzito, ukubwa na alama zake.

Tazama isnadi iliyo sahihi inavyofanya kazi. Mwaka 1697, katikati ya zingiro, meli ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyotumwa kutoka Goa kuisaidia ngome, ilizama mbele ya Fort Jesus. Wazamiaji waliigundua katika miaka ya 1960, na kuanzia 1977 hadi 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wataalamu wa Marekani waliichimbua chini ya maji, wakichora kila kitu kilipolala. Vitu vyake vingi vimo katika makumbusho ya Fort Jesus mpaka leo. Kitu kilichotoka ndani ya meli ile hakina ubishi wa umri: hakiwezi kuwa kipya kuliko 1697, kwa sababu meli ilikuwa tayari imezama. Pahali kilipolala ndipo palipokitolea ushahidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa uchimbaji ulioanzishwa na James Kirkman ndani ya ngome mwaka 1958, ilipoacha kuwa jela. Kila tabaka la udongo lilikuwa na vigae vyake vya vyungu na vya kaure ya Kichina, na kwa hivyo vitu vikajulikana zama zake.

Sasa rudi kwenye tufe letu la Biashara Street. "Babu aliikuta hapa." Hapa wapi? Msingi wa nyumba ulipochimbwa? Au alinunua kwa mchukuzi wa bandarini, au lilikuja ndani ya shehena kutoka Bombay? Isnadi imekatika. Kwa hivyo linabaki tufe lenyewe, nalo tulipime.

TEPU YA CHEREHANI NA MIZANI YA DUKANI

Uzuri wa Biashara Street ni kwamba vifaa vyote viwili viko. Azima tepu kwa fundi cherehani na mizani kwa muuza viungo.

Zungusha tepu tumboni mwa tufe, pale penye upana zaidi. Tuseme umepata sentimita 35. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo: sentimita 11.1 hivi. Zungusha tena upande mwingine. Kama namba zinatofautiana sana, si duara kamili, na hilo nalo ni la kuandikwa.

Sasa zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo, kisha zidisha kwa 3.77. Jibu ni uzito, kwa gramu, ambao tufe la chuma cha kusubu la ukubwa huo linapaswa kuwa nao. (Chuma cha kusubu ni kile kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu, na ndicho kilichotumika kwa matufe ya mizinga.) Kwa tufe letu utapata kilo 5 na robo hivi. Sasa weka kwenye mizani uone.

Ikisoma baina ya kilo 5 na kilo 5 na nusu, hongera, huenda ni chuma cha kusubu, na ukubwa wake unakaribiana na tufe la mzinga wa ratili 12. Ndiyo, ratili, kipimo kile kile wazee wetu walichotumia sokoni. Mizinga ya zamani iliitwa kwa uzito wa tufe lake: wa ratili 6, wa ratili 9, wa ratili 12, wa ratili 24. Na jambo la kufurahisha ni kwamba Wareno nao walipima kwa "arrátel", neno walilolichukua kwa Waarabu, ar-ratl. Neno moja la Kiarabu liliingia sokoni kwetu na likaingia ndani ya ghala la baruti la Wareno!

Ikisoma karibu kilo 5.7, huenda ni chuma cha pua cha kiwandani, basi zama za Wareno zisahau. Ikisoma chini ya kilo 2, ni jiwe lililopakwa uchafu wa kutu. Usidharau hilo, mizinga ya kale ilipiga mawe. Sultan Muhammad al-Fatih alipouzingira mji wa Constantinople mwaka 1453, mizinga yake mikubwa ilirusha matufe ya mawe. Na ikisoma kilo 3 au 4? Hapo simama. Tutafika.

Kisha tazama ngozi yake. Tufe la kusubu lilimiminwa ndani ya kalibu ya vipande viwili, kwa hivyo mara nyingi utaona mstari mwembamba unaolizunguka, na alama ndogo pale chuma kilipoingilia. Baadhi ya matufe ya Waingereza yana alama ya mshale mpana, yaani mali ya serikali yao. Lakini kutu peke yake si ushahidi wa uzee. Kwa hewa hii yetu ya bahari, hata msumari wa mwaka jana washika kutu.

Na usijaribu ule ujanja wa kulipeleka kwenye mdomo wa mzinga eti uone kama linaingia. Tufe lilitengenezwa dogo kuliko tundu la mzinga ili lisikwame, kwa hivyo kuingia kwake hakuthibitishi lolote.

WANAOJIFANYA MIZINGA

Kuna matufe mengi ya chuma duniani ambayo hayajawahi kuuona mzinga. Yajue haya manne.

1. Gololi za kusagia. Viwanda vya saruji husaga mawe ndani ya pipa kubwa linalozunguka, lililojaa gololi za chuma. Nyingi huanzia sentimita 2 mpaka 10. Sisi tuna kiwanda cha saruji Bamburi tangu miaka ya 1950, na kote duniani gololi za namna hii ni katika vitu vinavyodhaniwa sana kuwa ni vya mizinga. Iliyotumika huchakaa, ikawa na sehemu zilizolala bapa.

2. Tufe la michezo. Lile la kurusha shuleni. La wanaume ni kilo 7.26, la wanawake kilo 4. Hiyo kilo 7.26 ni ratili 16 kamili, kwa hivyo mizani yaweza kukudanganya. Lakini hili huchongwa likawa laini, na mara nyingi uzito umeandikwa juu yake.

3. Gololi ya beringi. Duara kamili, inang'aa, tupa haiikwaruzi. Hakuna aliyepoteza muda kung'arisha tufe la kufyatua.

4. Mapambo na mizani. Matufe ya nguzo za geti, ya vitanda vya kizamani, ya mawe ya mizani. Tafuta tundu lenye parafujo au mahali palipovunjika shina.

WEPESI NDIO WA KUOGOPWA

Nilisema tutafika. Ndugu msomaji, kama tufe lako ni jepesi kuliko hesabu, kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni bahari. Chuma cha kusubu kikikaa baharini miaka mingi, chumvi hula chuma chenyewe na kuacha kitu laini kama cha penseli, na umbo likabaki vile vile. Ukilitoa na kuliacha likauke juani, hupasuka na kumeguka kama andazi la juzi. Ndiyo maana wataalamu huyaweka majini kwanza, kisha huyatoa chumvi polepole kwa dawa.

Ya pili ni mauti. Si kila tufe lilikuwa zima ndani. Mengine yalikuwa makombora: matupu ndani, yakajazwa baruti, na utambi ukatiwa kwenye tundu. Tundu hilo huziba kwa kutu usilione. Mwezi Februari 2008, katika jimbo la Virginia, Marekani, mkusanyaji mmoja wa silaha za kale aliuawa nyumbani kwake na kombora la vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe alilokuwa akilisafisha. Vita hivyo vilimalizika 1865. Miaka zaidi ya 140 ilipita, na baruti ilikuwa bado inangoja. Tena mtu yule alikuwa na uzoefu wa miaka, si kijana wa skrepu.

Sasa fikiria tufe la namna hiyo likifika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, likapigwa nyundo au likatiwa motoni. Kwa hivyo: usigonge, usitoboe, usikate kwa grainda, usichome. Likiwa jepesi, au lina tundu au kizibo, liache lilipo, waondoe watoto, na uwaite polisi. Na likiwa mchangani au ndani ya maji, usilitoe hata kulipima. Hesabu zangu zote za juu ni kwa lile ambalo tayari limezuia mlango miaka nenda miaka rudi, na hata hilo ulishike kwa adabu. Kuna vijana wenzetu wanaoishi kwa skrepu, na siwalaumu kutafuta halali. Lakini kilo 5 za chuma haziwezi kuwa thamani ya mkono wa mtu.

LILIKUWA LA NANI?

Haya. Tuseme limepita mitihani yote. Ni la kusubu, zima, lina mstari wa kalibu, uzito unakubali. Je, sasa tuseme ni la Wareno?

Hapo ndipo penye somo kubwa. Ratili ya Wareno ilikuwa gramu 459, ya Waingereza ni gramu 454. Kwa tufe la ratili 12, tofauti yake ni gramu 60 na kitu. Kutu peke yake imekula zaidi ya hizo. Mizani haitakwambia. Na hata ingekwambia lilitengenezwa na nani, isingekwambia lilifyatuliwa na nani. Kumbuka mwaka 1505, Wareno wakipigwa kwa mizinga yao wenyewe. Aliyeteka ngome aliteka na ghala lake.

Si hivyo tu. Tumezoea kulisimulia zingiro la 1696 kama Waislamu upande huu na Wakristo upande ule. Lakini Wareno wengi walipokufa kwa maradhi ndani ya ngome, miongoni mwa walioilinda walikuwa Waswahili chini ya Bwana Daud wa Faza, Waislamu kama mimi na wewe. Ndani wakifunga, na nje wakifunga. Tufe lililopita juu ya ukuta usiku wa Ramadhani ile laweza kuwa lilitoka kwa Muislamu kwenda kwa Muislamu. Mwenye kusema "la Wareno" kwa sababu tu ni la zamani, amefuta watu hao wote kwa neno moja.

Hii ndiyo sababu sitaki tuchukulie mambo haya mzaha. Historia ya mji wetu imeandikwa sana na wageni, na sisi hulalamika kwamba imepotoshwa. Ni kweli imepotoshwa pengi. Lakini hatutaisahihisha kwa kutunga zetu. Tutaisahihisha kwa kupima, kuandika, na kusema "hapa ushahidi umekomea".

UFANYE NINI?

Ukikutana na tufe, ama chini ya msingi Mji wa Kale ama ufuoni, andika kwanza: siku, pahali hasa, kina chake, vilivyokuwa pembeni. Piga picha na simu yako, weka rula kando yake. Muulize aliyelipata na uandike maneno yake kama alivyosema, si kama unavyopenda wewe. Hiyo ndiyo isnadi, na ikipotea hairudi.

Kisha wajulishe watu wa Makumbusho ya Taifa, nao wako pale pale Fort Jesus. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa ndani ya siku 7, aeleze na mahali alipokipata. Wengine huogopa, "watakuja kuninyang'anya". Ndugu yangu, sisi tulisomeshwa mlango wa luqata tukiwa wadogo. Aliyeokota hafichi, hutangaza mwaka mzima. Sheria inakutaka siku 7 tu. Muislamu anayeijua luqata hafai kungoja kufukuzwa na serikali ili atoe amana. Mengine ya hukumu, kama rikazi na khumsi yake, waulize masheikh.

Na yule mwenye duka wetu wa Biashara Street? Mwendee kwa adabu. Usimwambie kwamba babu yake alikuwa mwongo, manake hujui. Mwambie, "Mzee, tulipime pamoja." Likiwa ni gololi ya saruji, mtacheka na mlango utabaki wazi. Likiwa ni la mzinga, atajua amekaa na amana ya mji mzima miguuni pake. Hata hadithi ya babu iandike, pamoja na jina lake na kwamba hakusema alilikuta wapi.

Ramadhani hutufunza kuuzuia ulimi na chakula mchana kutwa. Tuuzuie pia na kusema tusilolijua. Allah atukubalie saumu zetu, awarehemu waliotutangulia katika mji huu, waliokuwa ndani ya ukuta na waliokuwa nje, na atufanye watu wa ukweli. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.